Dakika Kumi za Bwana Msimamizi

Makarani wenzangu, leo nimemtoa msimamizi wa mtihani chooni kwa jembe.

Ni huu mtihani wa leseni ya uhasibu, hapa hapa Voi. Asubuhi alituonya: mapumziko ni dakika kumi kwa saa yake, na atakayezidisha harudi ndani.

Nami nilikuwa nimekunywa vikombe vitatu vya chai. Ujinga wangu.

Akanisindikiza hadi chooni. Nilipotoka akasema, "Ningoje kidogo," naye akaingia.

Komeo likakwama.

Kurudi bila yeye ni marufuku. Nikavuta, akasukuma. Treni ya Taveta ikaingia stesheni pale ng'ambo ya uzio, ikapakia watu na magunia, ikaondoka. Sisi bado. Nikauona mwaka wangu mzima wa kusoma unaondoka nayo.

Jembe nililiomba kwa mtunza bustani, nikaubandua mlango kwalo. Bwana akatoka, koti limejaa utando wa buibui.

Tukarudi. Mlangoni msimamizi mwenzake akauliza, "Mmekaa muda gani huko?"

Bwana akatoa saa mfukoni, akaitazama sana.

"Dakika tisa."

Nimemaliza mtihani nikijiuma midomo nisicheke. Nimebandika hii hapa ubaoni. Andikeni chini kwa penseli: mngekuwa ninyi, mngemsahihisha?