Kaye ya Kasiano

Siwafichi, wivu ndio uliniponza. Wakati wa Wabelgiji, pale misioni Kasongo, mimi na Kasiano tulijifunza gitaa, na kila juma tuliandika katika kaye zetu, daftari za mazoezi, vidole vimefika wapi. Kaye yake ilijaa. Yangu ilibaki kwenye do-re-mi juma la tatu. Hata ule mukono wa kushoto aliopigia ulinichukiza.

Nikaiba kaye yake, nikanakili michoro yote ya nyuzi katika yangu, nikajizoeza juma zima. Gitaa ililia vibaya. Nikajiambia muziki mukubwa ndivyo ulivyo.

Jumamosi nikapiga mbele ya wote. Mwalimu akainamia kaye yangu, akatazama gitaa.

“Kasiano anapigaka na kushoto, nyuzi zake amezigeuza juu chini,” akasema. “Weye zako umegeuza lini?”