Nyasi za Ulaya na Mbung'o Wake

Niliposimama chini ya ule mnara mrefu wa chuma wa Paris, nilimpigia bibi yangu simu Garissa nikamwonyesha kwa video. Nilidhani atashangaa. Akaniambia niiteremshe simu aone chini. Nikaiteremsha. Akauliza kama zile nyasi pale mguuni mwa mnara ni za mifugo au za watu kukalia. Nikamwambia ni za watu kukalia. Akasema basi watu wa huko wanachezea neema, kisha akauliza habari ya maji.

Ndivyo nilivyoizunguka Ulaya. Wanafunzi wenzangu walipiga picha makanisa na sanamu. Mimi nilitafuta nyasi, maji, magonjwa na wanyama wakali, kwa sababu nilikuwa nimetumwa.

Kwetu watu wa mifugo hawahami kwa kubahatisha. Malisho yakikauka, mtu mmoja hutangulia kwenda kutazama mvua imenyesha wapi, kisima ni cha nani, wenyeji wana amani au wana neno. Kazi hiyo kwa Kisomali huitwa sahan, na mwenye kuifanya huitwa vivyo hivyo. Akirudi hupewa maziwa kwanza, anywe, apumue, ndipo aseme. Akisema hakatizwi. Familia nzima, na kila chenye kwato walicho nacho, watakwenda au watabaki kwa kinywa chake yeye.

Mimi ni mtoto wa mjini. Nilizaliwa Garissa katika nyumba ya mawe, na ngamia niliwajua siku za likizo tu, tulipopelekwa Balambala kwa jamaa. Nilikuwa chuo kikuu nikisomea malisho na ardhi kame nilipopata nafasi ya kwenda kusoma muhula mmoja Uholanzi. Nafasi hiyo ingetolewa tena mwaka unaofuata, na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa nyuma yangu chuoni, alikuwa ameshaikodolea macho.

Adeer, ndugu wa baba aliyetulea tangu baba afariki, hakutaka hata mmoja wetu aende. Si mtu mbaya. Ana duka la nguo, mzigo wake huufuata mwenyewe Nairobi, na ameona mengi barabarani. Alisema msichana peke yake katika nchi isiyomjua atadhalilishwa, na yeye kama mlezi hataweza kumfikia. Mama alikuwa upande wetu, lakini mama husema kwa kunyamaza, na siku ile kunyamaza kwake hakukutosha.

Aliyeamua ni bibi. Sisi tunamwita ayeeyo, naye hutuita ayeeyo vilevile, ndiyo desturi ya Wasomali. Mkubwa humrudishia mdogo jina lile lile. Aliuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa mpaka magoti yakamkatalia, na wateja wasiokuwa Wasomali walimfundisha Kiswahili cha kuuzia. Hakuna aliyewahi kumfanya apunguze bei. Alisema mkubwa aende kama sahan, mdogo asubiri. Mkubwa akirudi aseme alichokiona, ndipo ijulikane kama mdogo atahama au atabaki. Adeer akakubali, maana mwanamume wa Kisomali anaweza kuikataa Ulaya, lakini hawezi kuikataa sahan.

Kabla sijaondoka ayeeyo aliniita chumbani kwake akanieleza jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia. Zamani, baba akiwa bado hajazaliwa, babu aliteremsha ngamia wake kutoka Wajir kwa neno la sahan mmoja. Kijana yule alisema nyasi zipo, na kweli zilikuwepo. Alisema maji yapo, na maji yalikuwepo. Mbung'o hakuwataja. Aliwaona, walimuuma, lakini watu walikuwa wamechoka na yeye alitaka kuwafurahisha. Ngamia wakaumwa na mbung'o, wakakonda, wakafa, na ayeeyo, aliyekuwa akikamua maziwa yake mwenyewe, akaanza kuchuuza maziwa ya watu.

"Ukiniletea nyasi bila mbung'o," akaniambia, "nitajua hukufika."

Uholanzi nilikuta nyasi mpaka nikakasirika. Zilijaa kila upande, mbichi, ndefu, na ng'ombe wachache wamelala juu yake wameshiba hata hawataki kusimama. Hakuna mchungaji, ni nyaya na mifereji tu. Maji yalikuwa mengi hivi kwamba wenyeji walikuwa na kazi ya kuyafukuza. Kwetu tunatoka uwanjani kuiswalia mvua. Huko niliwasikia watu wakiilaumu kama mgeni aliyekaa sana. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Mimi ilininyea mpaka nikaacha kuisifu.

Wiki za mwanzo nilijifungia. Nilitoka darasani nikarudi chumbani, nikala wali na samaki wa mkebe, nikalala. Niliogopa baridi, niliogopa kupotea, niliogopa namna watu walivyoangalia mtandio wangu kisha wakaangalia pembeni. Ayeeyo alipiga simu akaniuliza naona nini dirishani. Nikamwambia naona ukuta. Akaniambia sahan akikaa kwenye kisima cha kwanza, walio nyuma watakufa kiu wakimsubiri, kisha akamrudishia mama simu bila kuaga.

Maneno yale yaliniuma, na maumivu yalinisaidia. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ijumaa iliyofuata nilinunua tiketi ya basi la bei nafuu, nikatia begini mkate, tende, mswala na chupa ya maji ya kutawadhia, nikaenda Ubelgiji. Wiki nyingine Ufaransa. Likizo ya katikati ya muhula nikashika njia ya Ujerumani. Nilipotea mara nyingi, na kila nilipopotea niliuliza, na kila nilipouliza nilizidi kuwa mtu mwingine. Niliswali kwenye pembe za stesheni, nimeelekea ukutani, mkoba mbele yangu. Mwanamke mzee kwenye basi la Ujerumani alinikatia nusu ya tofaa lake tukatafuna pamoja safari nzima bila lugha. Katika mji mwingine mwanamume alinipita akanitamkia neno ambalo sikulielewa, lakini uso wake niliuelewa. Yote mawili nilimpelekea ayeeyo. La tofaa alilipokea kwa "alhamdulillahi". La pili aliuliza tu kama mtu yule alikuwa na fimbo.

Uswisi ndiko nilikolia. Nilikuwa napanda kilima nikasikia kengele. Kwetu ngamia huvishwa kengele ya mti, na sauti yake ndiyo sauti ya Balambala asubuhi. Huko zilikuwa za chuma na waliozivaa ni ng'ombe, lakini masikio yangu hayakujali. Nilikaa kwenye jiwe nikalia kwa kukumbuka nyumbani, nikapiga simu, nikainyoosha juu ayeeyo asikie. Alisikiliza kwa muda mrefu. Akasema, "Hao ni watu. Wanajua mnyama hupotea." Ni sifa kubwa kuliko zote alizowahi kuipa Ulaya.

Kutoka hapo nikapanda treni kwenda Italia. Treni ilisimama stesheni ya mpakani, askari wawili wakaingia. Walivipita viti vyote bila kumwuliza mtu neno, wakaja kusimama kwangu. Niliwapa pasipoti na kadi ya ukaazi, yote sahihi. Wakaniambia nishuke na begi langu. Hapo nje, mbele ya madirisha ya treni yenye watu, walilifungua wakatoa kila kitu, nguo za ndani, mswala, tende. Mmoja alizinusa zile tende. Treni ikaondoka na kiti changu. Walipomaliza walinirudishia kadi, wakasema sawa, wakaenda zao. Neno la pole halikuwepo.

Nilikasirika, na sikutaka mtu adhani ni woga. Nilikunja nguo zangu moja moja juu ya benchi. Upande wa pili wa stesheni kulikuwa na treni ya kurudi Uswisi, milango wazi. Niliitazama. Nilimsikia adeer masikioni kama yuko pale. Nilijiambia kwamba nikirudi nitakuwa nimeonyeshwa mlango nami nikautii, na sikuzaliwa na mama yangu kwa ajili hiyo. Ile treni ikaondoka bila mimi. Ilipokuja ya kwenda Italia nikapanda, nikakaa dirishani, nikatoa tende zile zile nikazila. Italia niliiona vizuri. Nilikwenda sokoni, nikauliza bei ya machungwa na nyama ya mbuzi, nikatazama mto wao, nikafanya kazi yangu.

Mdogo wangu nilimwambia kwa simu. Akaanza kunisihi. Aliniomba nimtaje yule mwanamke wa tofaa, niseme kengele, mvua na maprofesa wazuri, lakini stesheni niiache huko huko. Alisema adeer anangoja kitu kama hicho tu. Alikuwa na haki ya kuogopa. Nami niliyataka yale aliyoyataka. Nilitaka aende, nilitaka ajue baridi na kupotea na kuuliza, nilitaka arudi akiwa mtu mwingine kama mimi. Kunyamaza kungekuwa rahisi na hakuna ambaye angejua. Nilimpenda mdogo wangu siku zile zote kwa moyo mzito, nikiwaza ngamia wa babu.

Nilirudi Garissa wakati wa joto kali. Baada ya salamu na machozi ya mama, tulikaa sebuleni juu ya zulia, adeer upande mmoja, ayeeyo upande wa pili amenyoosha miguu yake mibovu, mama mlangoni. Mdogo wangu alishika chupa ya chai. Nikaletewa maziwa ya ngamia kwenye kikombe kikubwa, yana harufu ya moshi wa chombo kilichofukizwa. Niliyanywa polepole mpaka mwisho, kwa sababu nilikuwa naogopa. Ayeeyo aliungoja mkono wangu uweke kikombe chini, akasema, "Haya. Tupe habari."

Nikatoa. Nyasi na mvua, ng'ombe wasio na mchungaji, masomo, chakula halali kinapatikana wapi na wapi hakipatikani, upweke wa Jumapili mitaa ikiwa mitupu, tofaa, kengele. Adeer hakunikatiza hata mara moja, na niliona kichwa chake kikianza kukubali. Kisha nikafika stesheni. Mdogo wangu aliacha kumimina chai. Alinitazama kama mtu aliyesukumwa na mkono anaoujua. Niliendelea. Nilisema askari, begi, nguo, tende, treni iliyoondoka. Nikasema mpaka mwisho.

Adeer hakufurahi kuwa amepatia. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaniambia kwa upole, "Hilo ndilo nililoliogopa, adeer. Siwezi kumpeleka mtoto wa pili akafunguliwe begi mbele za watu."

Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Aliyejibu ni ayeeyo, na hakumjibu kwa hoja, alimwuliza swali. Alimwuliza yeye akienda Nairobi kufuata mzigo, pale kizuizini ng'ambo ya daraja la Tana, huwa hashushwi kwenye basi?

Hakuna mtu sebuleni asiyejua pale. Basi husimama, tunashuka kila mtu na kitambulisho chake mkononi, tunapanga mstari juani, tunatazamwa uso na picha, picha na uso, na sisi ni Wakenya katika Kenya yetu.

"Nashushwa," akasema adeer.

"Na mzigo huwa hauji?"

Adeer aliangalia zulia. "Unakuja," akasema.

Ayeeyo akageukia Kiswahili chake cha sokoni, kile alichokitumia mteja akikawia sana juu ya kibuyu. "Bei ni hiyo hiyo," akamwambia. "Maneno imekwisha."

Adeer alicheka kidogo bila kutaka, akajifuta macho kwa kofia yake. Ayeeyo hakucheka. Alikuwa ameshanigeukia mimi na alikuwa na kazi. Alitaka kujua jina la stesheni ile, na ni ipi inayoitangulia ili mtu ajiandae. Alitaka kujua karatasi gani waliiomba kwanza, kama kadi waliirudisha mkononi au waliiweka juu ya begi, kama kuna mahali pa kukaa, na treni nyingine huja baada ya muda gani. Nilimjibu moja baada ya nyingine. Kisha akapiga zulia kwa kiganja, hapo karibu na magoti yake, akimwangalia mdogo wangu.

"Weka chai chini usogee, ayeeyo," akamwambia. "Sikiliza vizuri. Hapo ndipo watakapokushusha."

Mdogo wangu akaweka chupa chini, akaja akakaa baina yetu. Nami nikaanza upya, kutoka stesheni inayotangulia.