Meno ya Mheshimiwa

Wewe unajua kwamba samaki anaweza kufa njaa kwa sababu meno yake ni marefu mno? Mimi sikujua. Nilikuwa nimemaliza chuo, nina shahada na hoja za kumchosha mtu yeyote, lakini jambo hilo nilikuja kulijua kwenye chumba cha mjomba wangu, mtu aliyeacha shule akiwa hajaota hata ndevu.

Mjomba ni mdogo wake mama, na anatengeneza meno bandia. Chumba chake kiko nyuma ya kliniki ya meno: dirisha moja, meza yenye vumbi jeupe la plasta, na rafu iliyojaa sanamu za fizi za watu, kila moja ikiwa na jina la mwenyewe kwa penseli. Daktari huchukua chapa ya mdomo wa mgonjwa kule mbele na kuileta nyuma. Mjomba humimina plasta, hupanga meno juu ya nta, hutengeneza ufizi wa rangi ya waridi. Ndiyo maana kliniki nzima inamwita Fundi Fizi. Mgonjwa akivalishwa meno yake, anamshukuru daktari, anachekea kioo, anakwenda zake. Kwa miaka ishirini na sita mjomba hakuwahi kutia kidole katika mdomo ulio hai. Hilo lilinichoma tangu nilipolielewa na linanichoma mpaka leo. Yeye wala.

"Midomo ina maneno mengi," huniambia. "Plasta inatulia."

Kwenye pembe ya meza yake kuna tangi la kioo, na ndani yake bunju mmoja wa maji yasiyo na chumvi, wa manjano na madoa meusi, mkubwa kama limau. Aliachiwa na mgonjwa aliyekuwa anahama. Kwa vile samaki huyo hana kazi, ana kitambi, na huvimba akiguswa kidogo tu, mjomba alimpa jina la Mheshimiwa. Macho yake ndiyo yaliyoniteka mwanzoni: moja hukutazama wewe, jingine linakagua mlango. Mjomba akiingia asubuhi, Mheshimiwa hupanda juu na kumtemea maji.

Kwa miaka mitatu alilishwa kamba waliomenywa. Mjomba aliwamenya kwa mkono wake, akatoa gamba, miguu na kichwa, halafu akawakatakata vipande vidogo vidogo. Mtu anayeshinda siku nzima na mapengo ya watu, kwake huruma ni chakula laini.

Kisha Mheshimiwa akaacha kula. Alikifuata chakula, akakigonga kwa pua, kikaanguka mchangani. Siku ya tisa nilimkuta mjomba ameinama mbele ya tangi, lenzi yake ya kazi jichoni.

"Mjomba, njoo uone," aliniita. Sisi huitana hivyo, yeye mjomba na mimi mjomba.

Nilitazama. Bunju ana meno manne tu, mawili juu na mawili chini, yameungana kama mdomo wa kasuku. Ya Mheshimiwa yalikuwa yamerefuka mpaka yamepishana, na upenyo uliobaki haukutosha hata punje ya mchele. Tumbo lililompa jina lilikuwa limeingia ndani.

Nilisoma kwenye simu usiku na mchana, nikapata jibu: meno ya bunju hayakomi kukua. Akiwa huko kwao huyasaga mwenyewe kwa kuvunja magamba ya konokono na kaa. Asipopata kitu kigumu, yanazidi tu.

Mjomba aliinama tena mbele ya tangi. Halafu akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfunga mdomo."

"Hukujua."

"Mimi? Mimi sijui meno?"

Nikawaka, kama kawaida yangu. Nikamwambia kiumbe hakufaa kukaa kwenye sanduku la kioo tangu mwanzo, tumpeleke mtoni tumwachie uhuru wake.

"Uhuru wa kwenda kufa njaa mbali na macho yetu," alisema mjomba. "Hebu nipe hiyo plasta."

Daktari alichungulia mlangoni, mama mcheshi asiyeishiwa maneno. "Fundi, bado mnamlilia huyo? Si mumkaange tu?"

"Dokta, huyu ana sumu. Ukimkaanga, kesho nakutengenezea sanamu ya ukumbusho."

"Basi mfungulie faili!" Akaondoka akicheka.

Nilikuwa nimesoma pia kwamba meno hayo hukatwa samaki akiwa amelazwa usingizi kwa mafuta ya karafuu. Nikaeleza nikidhani itabidi tuyatafute mjini. Mjomba alifungua kabati la kliniki, akatoa chupa ndogo. Dawa ileile ya jino linalouma! Nilisimama nayo mkononi nikiinusa, nikistaajabu kwamba mmea mmoja unajua njia ya kumtuliza mtu na samaki pia.

Lakini hakuanza. Kwanza alichonga sanamu ya meno ya Mheshimiwa kwa plasta, mara sita, akiyapima kwa macho kupitia kioo. Akayakata moja moja kwa koleo dogo la kukatia waya, sanamu ikiwa ndani ya bakuli la maji, kwa sababu bunju hatakiwi kutolewa nje: akimeza hewa na kuvimba, huenda akashindwa kuitoa. La kwanza lilipasuka hadi kwenye shina. La nne lilikatika sawasawa.

Jumamosi mchana kliniki ilipofungwa, tulianza. Tulitikisa tone la mafuta kwenye chupa ya maji ya uvuguvugu, tukamimina kidogo kidogo kwenye bakuli. Mheshimiwa aliyumba, akalala ubavu. Kazi yangu ilikuwa saa na matamvua yake, yale mapengo ya kupumulia. Mjomba alimshika chini ya maji kwa kitambaa kilicholowa.

Kach. Kach. Vipande viwili vya meno vilizama.

"Tayari, mtoe," nilisema.

"Upande wa kushoto umezidi. Ngoja."

"Mjomba, hayo siyo meno bandia!"

"Kidogo tu, niyalinganishe, watu wasi..."

Matamvua yalisimama.

"Mtoe!" Sijawahi kumpigia kelele mkubwa wangu namna ile.

Alimtia kwenye maji safi, akamshikilia mbele ya mapovu ya pampu. Hakuna kitu. Nilihesabu hadi arobaini. Tamvua likacheza. Nikahesabu tena hadi kumi, likacheza tena.

Jioni Mheshimiwa alikuwa amelala mchangani, anapumua, lakini hageuzi hata jicho. Mjomba alikaa kwenye kiti chake bila kuvua aproni.

"Nilitaka yapendeze," alisema. "Nani atamtazama? Nimekaribia kumuua kwa urembo."

Mimi mwenye hoja nilichukua kitambaa, nikafuta maji mezani.

Jumapili asubuhi nilimkuta amekwishafika, suruali imelowa hadi magotini na bakuli la konokono wadogo kutoka mfereji wa nyuma. Alidondosha mmoja. Mheshimiwa aliinuka taratibu, akamzunguka, akamkazia jicho moja. Alimuuma, konokono akamponyoka. Alimuuma tena, akamponyoka, kwa sababu meno yalikuwa yamepinda. Basi akageuza kichwa, akamshika kwa upande wa kulia, ule mfupi. Tulisikia mlio kupitia kioo, mdogo na mkavu, kama njugu inayobanjwa. Kipande cha gamba kilitemwa kikashuka kikizunguka, na kabla hakijafika mchangani Mheshimiwa alikuwa amepanda juu, anamtemea mjomba maji usoni.