Nira Haijui Sifa

Nakumbuka, mwanangu, jioni ile kijijini Migato ambapo babu yenu Maduhu alirudi kutoka mnadani akiongoza maksai ambaye kijiji chetu hakijapata kuona mfano wake. Nilikuwa mke mchanga, bado najifunza njia za mji wa wakwe zangu. Nundu ya yule ng'ombe ilitikisika kila alipokanyaga, kama gunia la pamba lililojazwa bila kushindiliwa. Wanawake waliacha kutwanga wakatoka kumtazama, na wazee walionyamaza tangu asubuhi wakapata la kusema. Nami, kwa fahari ya ujana, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Kabula, wewe unayeniandikia maneno haya, usicheke. Andika tu.

Naanza na ng'ombe kwa sababu mwaka huu wengi wenu mmeniuliza kwa nini ile kadi mpya ya kompyuta ya kaka yenu Masunga ilikaa juu ya kabati tangu ilipofika mpaka pamba ilipouzwa, ilhali vijana wa Bariadi wakiisubiri kwa hamu. Nimesikia pia mnavyonong'ona kwamba Bibi anaogopa mashine. Bibi haogopi mashine. Kaeni mkao wa kusikiliza, maana jambo hili lilianza kabla ya baba zenu kuzaliwa.

Tulikuwa na maksai wawili wadogo, wa kimo kimoja, waliokulia katika zizi moja na kufundishwa kulima katika nira moja. Hawakuwa na umbo la kusifiwa. Hata hivyo, ukiwafunga asubuhi walikwenda mpaka jua likawa kali, wakigeuka mwisho wa shamba bila kuambiwa. Babu yenu alimtoa mmoja wao, akaongeza na mbuzi, akabadilishana na lile dume kubwa. Akabaki yule mwingine, ambaye tulimwita Mpole.

Sababu ya haraka yake ilikuwa neno alilokwisha kulitoa. Alikuwa amewaahidi vijana wa rika lake kwamba mvua ya kwanza ikinyesha, jembe lake ndilo litakalotangulia kufungua mashamba ya majirani. Kijana akishajifunga kwa sifa, mwanangu, hata kamba ya katani haimfungi namna ile.

Baba mkwe wangu alikuja kesho yake asubuhi. Kwa heshima ya ukwe sikumtazama usoni. Mtu yule nilimjua kwa mgongo wake na kwa sauti yake, na mpaka leo nikifumba macho ni mgongo ndio ninaouona. Hakulisifu lile dume. Aliinama akaishika nira, akamtazama Mpole kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Maduhu, huyu atavuta na nani?"

Babu yenu akajibu kwa adabu, lakini kwa moyo uliokwisha kuamua. "Baba, nguvu ikizidi haiharibu kitu."

Mzee akaondoka. Watu wa zamani walisema mara moja, na aliyetaka kusikia alisikia.

Mvua ikaja. Tukawafunga wale wawili mbele ya macho ya watu. Babu yenu akashika jembe, mimi nikashika kamba mbele kuwaongoza. Nira ilikaa upande, juu kwa mmoja na chini kwa mwenzake, kama paa la nyumba iliyoliwa na mchwa. Hatukufika mbali. Kamba ya shingoni ilimteleza Mpole ikambana koo, akaanza kupiga magoti, na lile dume, kwa kuwa lilikuwa na nguvu na halikujua kosa lake, halikusimama. Nilivuta, nilipiga kelele, nikajitupa mbele yake. Liliposimama, bega la Mpole lilikuwa limekwisha kuteguka. Hakulima tena maisha yake yote. Na lile dume kubwa, mwanangu, lilishinda zizini likila majani yetu, kwa maana hapakuwa na wa kwenda nalo.

Wale wa rika lake walitawanyika bila neno, jambo ambalo ni baya kuliko kucheka. Jioni baba mkwe akaja, akasimama nje ya zizi. Nilikuwa ndani jikoni nikisikia. Alisema, "Nira haijui sifa, mwanangu. Nira inajua shingo mbili tu." Akaondoka. Babu yenu alikaa chini akajifunika uso kwa mikono.

Ndivyo mlivyozoea kusikia habari za wazee: kukemea, kisha kuondoka. Lakini sikilizeni lililofuata, kwa kuwa hilo ndilo linalonitoa machozi hata leo. Kulipopambazuka tulichukua majembe ya mkono, maana shamba halingojei mtu apone aibu. Tulipofika tulikuta mtu ametutangulia. Upande wa mbali kabisa, ili heshima ya ukwe isivunjike, nikauona ule mgongo ukiinuka na kuinama. Mzee yule, ambaye umri wake ulikuwa wa kukaa na kuletewa maji, alilima nasi msimu ule mpaka pamba ikapandwa. Wapita njia wakicheka, walimcheka na yeye. Hakulitaja tena lile dume. Mchana nilimpelekea michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na maji kwa kuviweka kwenye kichuguu na kurudi nyuma, naye akishakula aliligeuza bakuli kifudifudi, nikajua ameshiba. Ee, siku zile. Tulikuwa na kidogo, lakini bakuli lililogeuzwa liliweza kusema.

Sasa nakuja kwa Masunga.

Mnajua kwamba ana chumba cha gemu karibu na stendi, na kwamba ile kompyuta moja kubwa ndiyo inayomlisha. Ndiyo pia iliyomsomesha Kabula huyu anayeandika. Kwa muda mrefu alitamani kadi ya picha ya daraja la juu, ile wanayoiita kadi ya grafiki, inayofanya gemu lionekane kama mtu anachungulia dirishani. Alijinyima, akaiagiza Dar es Salaam, ikaja na basi katika kasha lililopambwa kama sanduku la mahari. Nilipopewa niishike niliona ni nzito kama tofali, na ina feni tatu ubavuni. Kabla hata haijafika alikuwa amekwisha kuwatangazia vijana wa Lamadi kwamba waje Jumamosi kushindana, waione ikifanya kazi.

Siku moja kabla ya Jumamosi hiyo aliileta kompyuta hapa nyumbani, yeye na rafiki yake Juma, mtoto wa yule mwenye duka la vifaa vya umeme. Walikaa mezani, mimi nikiwa mlangoni nachambua michembe kwenye ungo. Walifungua ubavu wa kompyuta, wakaitoa kadi ya zamani, ndogo, iliyojaa vumbi. Walipoitia mpya, haikuingia. Ilikuwa ndefu, pua yake ikagonga vyuma vya mbele. Tena ilidai vichwa vitatu vya waya wa umeme, na kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, wenyewe hukiita pawa saplai, kilikuwa na kimoja. Juma akaenda dukani kwao akarudi na msumeno wa chuma na kiunganishi cha waya.

"Tunakata hapa, tunaunga pale," akasema. "Itaingia tu. Umeme ni umeme."

Nikamuuliza Masunga kama kisanduku kile kinaweza kuilisha kadi ile. Akanijibu bila kuinua macho kwamba kwenye kasha wameandika umeme mwingi kuliko ule wa kisanduku, lakini watengenezaji huandika zaidi ili kujihami. Kisha akasema, "Na nguvu ikizidi, Bibi, si ndiyo vizuri?"

Ungo ukatulia mkononi mwangu. Mtoto huyu hakumwona babu yake hata siku moja. Maneno yale aliyapata wapi?

Nikawaambia waweke msumeno chini. Nikawasimulia habari za Mpole kama nilivyowasimulia ninyi sasa, na nilipofika mwisho nikamuuliza swali la baba mkwe wangu. "Huyu atavuta na nani?"

Masunga akakitazama kile kisanduku. Si kwamba nilimfundisha kompyuta, angenifundisha yeye. Alijua vizuri kwamba waya ukiungwa vile ungeweza kushika moto, na kwamba kisanduku kikiungua kingeweza kuondoka na mashine nzima. Aliyajua yote. Kilichomshinda ni Jumamosi.

"Watanicheka, Bibi," akasema.

"Watakucheka," nikamjibu. "Nami nitakuwapo."

Akairudisha kadi ya zamani mahali pake baada ya kuipangusa vumbi. Mpya akaifunga kwenye kasha lake, na mimi nikamwonyesha mahali juu ya kabati.

Jumamosi nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikachukua kigoda na bakuli langu la michembe, nikaenda kuketi katika mlango wa chumba cha gemu, mimi ambaye nilikuwa sijawahi kukanyaga pale. Vijana wa Lamadi wakafika, wakaniamkia kwa adabu, kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," nikaitikia. Adabu ikaishia hapo. Mmoja wao, mrefu, mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma, alipoiona kadi ya zamani kupitia ubavu wa kompyuta uliokuwa wazi, akawaita wenzake.

"Bariadi mna mambo. Kadi mmeificha ndani kama bibi harusi?"

Wakaangua kicheko. Masunga akatazama chini. Nikamwambia yule mrefu, "Kadi ipo, mjukuu wangu. Inatafutiwa mwenzake. Na wewe wa kwako umeshampata?"

Wenzake wakamgeukia yeye. "Huyu, Bibi? Huyu hata namba ya simu hajawahi kupewa."

Nikawagawia michembe, wakacheza. Sitasema uongo, Masunga alishindwa, na ilimuuma. Alirudi nyumbani akala kidogo. Lakini Jumatatu kompyuta iliwaka kama siku zote, wateja wakaja kama siku zote. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na huyu koleo lake lilikuwa bado zima.

Pamba ilipouzwa, akanunua kwanza kisanduku cha umeme chenye vichwa vya waya vya kutosha, kisha kasha pana la kompyuta yenyewe. Ndipo akaishusha kadi. Alinikalisha karibu nione. Akagusa chuma kitupu kwanza, akinieleza kwamba mwili wa mtu una umeme kidogo unaoweza kuiumiza kadi. Akaisukuma taratibu kwa vidole gumba mpaka ikaitikia kwa mlio mdogo, akaikaza kwa skrubu, akachomeka waya zote tatu bila kuunga hata mmoja. Lakini kwa uzito wake upande wa mbele uliinama kidogo, naye akasema inahitaji kitu cha kuiegemeza.

Nikainuka nikaenda chumbani. Chini ya kitanda changu iko nira ya babu yenu. Sikuiacha Migato nilipohamia mjini, wala sikumweleza mtu kwa nini. Nikachomoa kijiti kimoja, vile vinavyoshuka pande mbili za shingo ya ng'ombe, nikampa. Mti wake umelainishwa na shingo hata unang'aa. Akaupima, akakata kipande, akakisimamisha chini ya kadi. Ikanyooka.

Kompyuta ikawaka. Feni zikazunguka bila kelele. Kwenye kioo likatokea pori lenye majani marefu, na upepo ukipita jani moja moja likiinama na kuinuka. Masunga alitaka kukimbia ndani ya gemu anionyeshe magari na bunduki. Nikamwomba asimame kwanza. Niliyatazama yale majani, na nilichokiona ni upande ule wa mbali wa shamba letu, asubuhi, nikawa nangoja ule mgongo uinuke. Akasimama. Alikaa nami kimya muda wote niliotaka, na wateja wakimngoja kule stendi.

Basi, mwanangu, neno langu ni hili. Kitu chenye nguvu si dhambi kukitamani wala kukinunua. Lakini kabla hujakileta nyumbani, uliza kitavuta na nani, maana kikubwa hakikiinui kidogo kilichofungwa pamoja nacho, hukivunja bega. Anza na kisanduku, anza na kasha, anza na zizi. Ukiona umeshika msumeno ili kitu kiingie, jua umekwisha kulikosa swali. Na siku ya kuonwa na watu usiifanye kuwa bwana wako. Jumamosi hupita, na Jumatatu utataka kula.

Neno la pili ni la wazazi, nalo Kabula aliandike kwa wino uleule. Ukimzuia kijana asijivunie kitu mbele ya wenzake, usimwachie aibu abebe peke yake. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Chukua jembe umtangulie shambani, au kigoda ukae mlangoni pake, ukachekwe naye.

Mungu awape vitu vyenye nguvu, na awape subira ya kuvitafutia wenzao. Mvua iwakute mmekwisha kufunga nira sawasawa. Mkishashiba, ligeuzeni bakuli, aliyewapikia ajue. Wabeja, asanteni, wanangu. Kabula, weka kalamu, mkono wako umechoka.