Machicha ya Shangazi

Juzi, pale Matai, alinipita mwanamke mwenye ndoo ya machicha ya pombe ya ulezi, na harufu yake chachu ikanirudisha utotoni, kwenye banda letu la nguruwe.

Shangazi aliwamwagia machicha watoto wa nguruwe ambao mama yangu alikuwa ametoka tu kuwaachisha kunyonya. Walipepesuka na kuangukiana, nami nikawapigia makofi nikidhani wanacheza. Baadaye, kwa kuulizauliza wafugaji kila nilikopita, nilijua kwamba matumbo machanga hayawezi chakula kile. Waliharisha, wakafa wote.

“Wifi, mkono wako una mkosi,” shangazi alimwambia mama mchana walipokufa, mbele ya majirani. “Kila unachofuga kinakufa!”

Mama alifagia banda.

Mimi nilichemka. Kimea cha shangazi cha kupikia pombe kilikuwa kimeanikwa juu ya mkeka uani. Nikamfungulia nguruwe jike, nikamswaga hadi mkekani. Alikula akikoroma kwa raha. Sijutii mpaka leo.

Shangazi alipopiga kelele, mama alinichapa mbele yake, fimbo nyepesi. Tulipoingia jikoni akanipakulia maharage, akaongeza, kisha akaninong'oneza, “Hakubakiza hata punje?”