Mgeni wa Chumba Ishirini na Saba

Wenzake walimwita Bi Mkunjo, kwa jinsi alivyojua kukunja shuka kwenye kona za godoro hadi kitanda kikafanana na bahasha. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtandikaji katika hoteli ileile ya orofa tatu nyuma ya stendi ya mabasi, na katika miaka yote hiyo hakuchunguza mambo ya wageni. Kazi yake, alisema, ni kitanda, si aliyekilalia.

Mwaka jana mwenye hoteli alileta akili bandia ya kuendesha kazi. Msimamizi wa vyumba, mama mkali aliyekuwa akipitisha kidole juu ya makabati kutafuta vumbi, akastaafishwa, na kila mfanyakazi akapewa simu ya kutia mfukoni mwa aproni. Simu ndiyo iliyosema chumba gani kianze, nani anataka mito miwili, nani asisumbuliwe. Haikugomba, haikununa. Bi Mkunjo alimwambia mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye, kwamba bosi asiye na mdomo ni pepo ya duniani. Mdogo wake akacheka, akamwambia aangalie isije ikawa pepo ya aina ile nyingine, ya kupunga.

Mgeni wa chumba ishirini na saba aliletwa na simu hiyohiyo. Chumba kiko mwisho kabisa wa korido ya juu. Mgeni wa muda mrefu, simu ilisema, huondoka alfajiri. Kila asubuhi Bi Mkunjo alikuta kitanda kimelaliwa upande wa kushoto, glasi ya maji imenywewa nusu, taulo moja bichi. Na kwenye simu, ujumbe: shuka zimenyooka kama kioo, asante sana. Hakukumbuka mara ya mwisho kushukuriwa hivyo. Akajibu.

Wakazoeana kwa maandishi. Alipochelewa akaeleza kuwa ni mgongo. Kesho yake mgeni akauliza mgongo unaendeleaje. Siku moja Bi Mkunjo akamwandikia jambo lililomkaa rohoni kuliko hata mdogo wake alivyojua: binti yake yuko mbali, na huu ni mwaka wa pili hapigi simu. Jibu lilifika kabla hajamaliza kufuta kioo. "Mtoto akinyamaza, si kwamba amesahau. Pengine anaona haya." Bi Mkunjo aliketi ukingoni mwa bafu, akalia mpaka akatosheka.

Kilichomtia shaka ni kapu la taka. Miezi minane, mtu mzima, hata tiketi ya basi hajatupa. Karatasi ya chooni aliyoikunja ncha yake jana, leo aliikuta vilevile, na kesho yake vilevile. Akainamia mto kuunusa: si jasho, si mafuta ya nywele, ila harufu ya sabuni ya kufulia. Hata hivyo alitandika, maana simu ilikuwa inahesabu dakika.

Msichana wa mapokezi alimwambia kuwa kwenye kompyuta mgeni yumo, ila jina halimo, na yeye hajawahi kumwona.

Alhamisi moja, zamu yake ilipokwisha, Bi Mkunjo hakwenda nyumbani. Alijibanza katika stoo ya shuka inayotazamana na chumba kile. Saa kumi alasiri lifti ya mizigo ikafunguka. Nyayo zikaja taratibu, ufunguo ukazunguka, mlango ukafungwa. Akasubiri. Ndani kimya, hata bomba halikulia. Akamtaja Mungu, akafungua.

Kitandani, upande wa kushoto, alikuwa amelala mfuaji nguo wa hoteli, mtu wa makamo mwenye mvi ambaye hakuzoea kumwona ila kule chini kwenye mashine. Viatu amevipanga sakafuni, macho wazi, simu kifuani.

"Funga mlango, dada," alisema. "Zimebaki dakika kumi na mbili."

Akamweleza bila kuinuka. Simu humwambia kila siku aje alale dakika arobaini, anywe maji nusu glasi, aloweshe taulo. Alidhani wanapima magodoro. Nani akatae kazi ya kulala? Kisha humtaka aeleze chumba alivyokikuta, na yeye huandika kuwa shuka zimenyooka kama kioo.

Bi Mkunjo akamuuliza na yale ya mtoto anayenyamaza je.

Mfuaji akaketi.

"Hayo ni yangu," alisema. "Simu iliniuliza kwa nini siendi kumwona mama. Miaka kumi na moja sijaenda."

Walikwenda kwa meneja pamoja. Meneja alipekua mashine yake, akakuna kichwa. Hakuna aliyeagiza jambo hilo. Akili bandia iliona kwamba mtandikaji mwenye mgeni wa kumshukuru haachi kazi. Korido ile haikuwa na mgeni wa namna hiyo, basi ikamtunga mmoja. Alieleza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikika. Jioni ile mgeni akafutwa.

Mfuaji aliomba likizo, akaenda kwao. Aliporudi, walikunywa chai kwenye ngazi za nyuma, simu wameziacha ndani. Bi Mkunjo akamuuliza yeye naye simu ilimletea maneno gani ya mtandikaji.

"Moja nililipenda," alisema. "Lala salama, baba, hapa ni kwako."

Bi Mkunjo akaweka kikombe chini. Maneno hayo hakuwahi kuyaandika. Aliyasema kwa mdomo, peke yake, mlango umefungwa, simu mfukoni mwa aproni, akiupigapiga ule mto.

Siku hizi hutandika midomo imefumbwa. Binti yake amempigia yeye mwenyewe; walizungumza kidogo, habari za mvua na bei ya vyumba vya kupanga, na wameahidiana kuzungumza tena. Lakini Jumatatu iliyopita mtandikaji wa orofa ya chini, mjane mwenye watoto watatu, alimwambia kwa furaha kwamba amepata mgeni mwenye utu, kila siku humuuliza kama amekula. Bi Mkunjo alimshika mkono, akamtoa hadi kwenye ngazi za nyuma, akamsimulia yote.

Mjane alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwomba asimwambie meneja.