Kuni za Msiba Usio na Maiti

Huo ndio mwaka tuliokula viazi vitamu asubuhi, mchana na jioni, kitoweo chake vinkubala, wale viwavi wakavu wanaovushwa kwa magunia kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Mahindi yalikaukia shambani. Ghala langu likabaki tupu mpaka panya wenyewe wakahama, na mjukuu wangu akaniomba aingie yeye. Mchana anafanya kazi ya kutoa mizigo forodhani, mtu mzima mwenye ndevu zake. Jioni alitaka mahali pa kupigia muziki.

"Muziki gani unaohitaji ghala la mahindi?"

"Deth metal, Bibi. Ile ya kikatili kabisa."

Nikampa. Yeye na wenzake magitaa wameyalegeza nyuzi mpaka yananguruma kama lori linalopanda mlima na mzigo. Ngoma zinakimbia kama mvua ya mawe juu ya bati. Katikati yuko mjukuu wangu, anakoroma kama nguruwe pori aliyenaswa. Majirani wakasema ana pepo. Nikawaambia, pepo mwenye mdundo mzuri hivyo ningempangisha chumba.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini sauti naijua. Ukoo wetu ukifiwa, kuanzia Ndalambo hadi Hasamba, ninayeanzisha kilio ni mimi. Natoa sauti, wanawake wengine wanaipokea. Anayeisikia haulizi. Anafunga kitenge, anachota unga, anabeba kuni, anakuja.

Rekodi yao ilipotoka, wapenzi wa muziki huo walijaa uani kwangu Jumapili baada ya ibada, wakaisikiliza yote, halafu wakaanza kuichambua kama karanga.

"Wimbo wa pili umelala," alisema dereva wa bodaboda, fulana nyeusi, fuvu kifuani. "Ngoma kama mbuzi kapanda bati."

"Mbuzi wewe," akajibu mpiga ngoma, ndugu yetu wa upande wa Nakonde. "Honi za malori zimekuziba masikio."

"Mbona maneno hayasikiki?" nikauliza.

Binti mmoja anayebadilisha fedha mpakani akacheka. "Bibi, maneno yakisikika hiyo ni kwaya!"

Tulicheka wote. Lakini binti huyo huyo ndiye aliyetoa neno lililochoma. "Kali, ni kali. Ila nyimbo zote ni maiti, kaburi, mifupa, na hakuna hata mmoja anayelia. Ni makaburi yasiyo na ndugu."

Hata mwandaaji mmoja wa tamasha kule Lusaka alikuwa ameshasema karibu hivyo: rekodi nzuri, lakini za namna hiyo anazo, atawaita siku wakiwa na kitu ambacho mwingine hana. Mjukuu wangu alikuwa na kiu ya Lusaka. Akanigeukia.

"Mke wangu," akaanza. Ananiita hivyo akitaka kitu. "Kile kilio chako cha msibani. Kidogo tu, tukirekodi."

"Mimi simlilii mtu aliye hai."

"Hakuna wa kumlilia, Bibi. Ni sauti tu."

Sauti tu! Kilio kina mwenyewe. Ukikitoa bila maiti, kinazunguka kinamtafuta mtu. Mama yangu alinifundisha hivyo, nami sijaona sababu ya kumkosoa.

Nikadhani yameisha. Kumbe kwenye simu yake kilikuwamo kilio changu cha siku tuliyomzika mdogo wangu kule Ndalambo. Alikirekodi kwa ajili ya ndugu wa Zambia ambao hawakuwahi mazishi. Asubuhi moja mimi nikiwa sokoni, akajifungia ghalani, akaunganisha simu na spika kubwa, akakisikiliza chote. Halafu akavaa hedifoni akaanza kukipanga juu ya magitaa yake, hasikii cha nje.

Narudi na kikapu changu, nakuta moto uani. Mabenchi ya kanisa. Wanawake juu ya mikeka wamejifunga vitenge. Kuni zimerundikwa ukutani, na unga, mwaka ule, mtu katoa unga wa mahindi sijui kauficha wapi! Wanaume wawili wamesimama na majembe wanabishana kaburi lichimbwe upande gani.

"Nani kafa?" nikauliza.

Jirani yangu akaruka kama kakanyaga kaa la moto. "Mama! Umetokea wapi? Si uko ghalani na maiti? Tumesikia sauti yako, mlango umefungwa, tukasema tukuache naye kwanza. Tukajua aliyekufa ni mjukuu."

Nikaugonga mlango kwa teke. Akafungua, hedifoni shingoni. Waliopiga kelele walipiga, waliokimbia walikimbia, na mmoja alikalia sufuria. Wanawake wa nyuma, ambao hawakuona, waliendelea kumlilia kwa jina lake, wakitaja wema ambao hajawahi kuutenda.

Akasikia jina lake. "Bibi, wananililia mimi?"

"Wewe. Nilikwambia kinamtafuta mtu."

Kwetu kuni za msiba hazirudi zilikotoka. Ukirudi nazo umerudi na kifo chako begani. Basi nikabandika sufuria, nikasonga ugali wa unga ule ule, watu wakala, na waliokuwa wanalia wakaanza kucheka. Mjukuu alizunguka na jagi la maji akiwanawisha mikono mmoja mmoja na kuomba radhi. Walipoondoka akakifuta kile kilio kwenye simu, mbele yangu, bila kuambiwa.

Wapenzi wa rekodi waliposikia ndipo walipochachamaa.

"Bibi, nchi hii hakuna rekodi iliyowahi kuletewa kuni!" alisema wa bodaboda. "Kafuta? Kafuta kweli? Huyu jamaa katuua."

Habari ikavuka mpaka, na yule wa Lusaka akapiga simu. Mjukuu alimwambia kilio hakipo, akamwambia tena, mwisho akaniwekea simu mkononi. "Mwambie mwenyewe, Bibi. Mimi hanisikii."

"Bamayo," ikasema ile sauti tamu ya mfanyabiashara, ikiniita mama kwa lugha ya kwao, "njoo nao. Unasimama jukwaani, unalia mara moja tu, unakaa. Ukija, nafasi wanayo. Usipokuja, sina nafasi."

Nikamtazama mjukuu wangu. Lusaka bado ilikuwa machoni pake, hilo siwezi kulificha. Lakini alitikisa kichwa.

"Sikiliza, baba," nikamwambia yule mtu. "Rekodi yao nimeisikia ikizaliwa ghalani kwangu. Ni kali, na wimbo wa pili haujalala, anayesema umelala kalala yeye. Waite kwa hiyo. Usipowaita, hasara ni yako."

"Na kilio, Bamayo?"

"Mimi simlilii mtu aliye hai."